Mwezi Uliokuja na Mwenzake

Kikima, 16 Machi 2025

Kwa Susu Kasiva, nyanya yangu,

Nakusalimu, na salamu hizi zikukute umekaa kivulini, si umeinama shambani kama kawaida yako. Mimi ni mzima. Huku Mbooni mvua imeanza kwa pupa, barabara ya kuja shuleni ni tope tupu, na wasichana wa fomu tatu wanatembea na viatu mkononi. Pasta wetu amehamishwa. Mke wa mwalimu mkuu amejifungua mapacha na walimu wote tumekunywa soda. Kile kikohozi changu kilipona kwa dawa yako ya mizizi, lakini sitakuambia ilikuwa chungu kiasi gani, usije ukafurahi.

Naandika kwa sababu wewe ukishika simu unaongea mpaka boma zima linasikia, na hili si la boma zima. Barua nimempa Jonah, anakuja Mutomo na lori lake kuchukua mbuzi.

Nianze na la furaha. Wiki hii wanasayansi wametangaza miezi mipya ya Zohali, ile sayari yenye pete. Susu, ni miezi mia moja ishirini na minane kwa mpigo! Ni vijiwe vidogo vya kilomita chache tu, na ndivyo ninavyosomea digrii yangu ya pili. Mwalimu wangu wa chuo amenipigia simu akicheka, akaniambia kazi imekua ghafla kama mbaazi za mvua. Tarehe kumi na sita Agosti nitasimama mbele ya wanasayansi Nairobi niwaeleze nilichopata.

Ajabu yake ni hii. Sayari ilipokuwa inaumbika, gesi na vumbi viliizunguka kama uji kwenye sufuria unaokorogwa. Mwezi uliozaliwa humo unazunguka upande ule ule ambao sayari yenyewe inajizungusha. Lakini mingi kati ya hii midogo inazunguka kinyume, tena mbali sana, na njia zake zimelala mshazari. Haikuzaliwa pale. Ilitoka nje, zamani sana, na baadaye ikagongana na kuvunjika vipande. Kwa kufuata mwendo wake wa leo, tunajua mambo ya wakati ambao jua lenyewe lilikuwa changa.

Sasa la pili. Baba mdogo Mutie, mtoto wa mke mwenzako, alinipigia simu. Alisema ukoo unakutana Agosti kugawa shamba la marehemu mume wako Muli ili kila nyumba ipate hati yake. Akasema sehemu yako haina wa kuirithi, maana mama yangu hakutolewa ntheo, na bila mbuzi wa ntheo kwenda kwa wazazi wa mke hakuna ndoa, na bila ndoa mimi si mtu wa nyumba hiyo. Aliongea kwa upole, ndiyo maana nikaumia zaidi.

Kwamba wewe ulioa mke, hilo nalijua tangu darasa la pili, nilipopigana na yule msichana aliyenicheka eti baba yangu anavaa leso. Najua hukujaliwa mtoto, ukamwoa mama awe iweto wako, mke aliyeolewa na mwanamke, ili nyumba yako iwe na watoto. Najua alikufa kwa homa nikiwa mdogo. Ila hili la ntheo hujawahi kuniambia. Je, mbuzi walikwenda? Nani aliwapeleka?

Mjukuu wako,
Ndunge


Mutomo, 9 Aprili 2025

Ndunge,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya beberu. Ilikaa siku kumi na moja mbele ya kiti cha Jonah, chini ya mfuko wa miraa. Nimemwambia akirudia nitampeleka kwa chifu.

Mimi sijambo. Mguu wa kushoto unalalamika na wa kulia unaubeba. Ndengu zimechipua vizuri. Kanisani tumemaliza kuezeka, ingawa bati moja limewekwa upande kwa sababu fundi hakutaka kunisikiliza, nami nilimwona tangu chini. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Nimemwita Digrii. Kila mtu akiuliza kwa nini, namweleza, na hivyo sasa soko lote la Mutomo linajua unasomea nini, kuliko wewe mwenyewe.

Kuhusu miezi nimekusikia. Nimekoroga sufuria za hospitali ya misheni miaka thelathini na moja, uji wa wagonjwa mia mbili kila asubuhi, na sijawahi kuona punje inayokwenda kinyume na mwiko. Kwa hiyo hapo nakuamini. Lakini nina swali. Kitu kikipita njia mbio, kimetoka huko kwao na kina safari yake, kwa nini kisimame kwa Zohali? Mimi nimeona magari mengi yakipita hapa na hayasimami. Nieleze vizuri, maana nataka kumweleza mke wa pasta, anayejifanya anajua kila kitu kwa sababu ana televisheni.

Hayo mengine ya Mutie yaache yalipo. Mutie alikuwa analia akinyimwa titi, na leo analia akinyimwa shamba. Ukoo ukikutana nitakuwepo. Nina mdomo.

Likizo imeanza na sijakuona. Kula.

Susu wako,
Kasiva


Kikima, 27 Aprili 2025

Susu yangu,

Unisamehe kwa likizo. Nilikuwa Nairobi siku zote kwenye kompyuta za chuo, nikirudisha njia za vile vijiwe nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka macho yakaniwasha. Kesho shule inafunguliwa. Nimefurahi kusikia habari za Digrii. Msimpe jina hilo beberu yeyote, tafadhali, nitachekwa.

Swali lako ndilo swali lenyewe. Mwalimu wangu alipolisikia aliuliza susu yangu alisoma wapi. Nilimwambia alisoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, saa kumi jioni baada ya kuosha masufuria. Nilisema hivyo kwa sauti, na watu watatu waligeuka kutazama.

Jibu ni hili. Uko sahihi, kitu kinachopita mbio hakisimami bure. Chukua mwezi mkubwa wa sayari ya Neptuni unaoitwa Tritoni. Ni mkubwa, karibu kama mwezi wetu, na unazunguka kinyume. Haukuzaliwa pale, ulitoka kwenye baridi ya mbali, pembezoni kabisa. Zamani zile sayari kubwa zenyewe zilikuwa zinahama, hazikukaa zilipozaliwa kama tulivyofundishwa, na kuhama kwao kulivuruga kila kitu kilichokuwa karibu. Tritoni ukapita karibu na Neptuni. Ili ubaki, lazima kasi yake ipungue, na kasi haipotei hivi hivi. Lazima kitu kingine kiichukue na kwenda nayo.

Wengi wetu tunaona kwamba Tritoni haukuja peke yake. Ulikuja na mwenzake, wawili wakizungukana. Walipofika pale, mmoja akabaki. Mwingine akaondoka na ile kasi yote, na hakuna anayejua alikwenda wapi.

Hakuna aliyekuwepo kushuhudia, Susu. Tunajua kwa mwendo tu, kwa jinsi aliyebaki anavyozunguka mpaka leo.

Sasa unijibu na wewe. Mutie amepiga tena. Mkutano umewekwa tarehe kumi na sita Agosti, siku ile ile yangu ya Nairobi. Niko tayari kuahirisha nije nisimame nawe. Lakini siwezi kusimama nikitetea kitu nisichokijua. Mbuzi walikwenda ama hawakwenda?

Ndunge


Kikima, 22 Juni 2025

Susu,

Wiki nane na hujajibu. Jonah ameapa kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani bila kumpa hata maji. Hiyo si tabia yako.

Nilipiga simu kwa jirani, akasema unakwenda kanisani na unanunua sukari kama kawaida. Basi uko mzima, na umenyamaza kwa kutaka.

Kama mbuzi hawakwenda, niambie tu. Heshima yangu kwako haitapungua. Nitakuja, nitasikia wakisema mimi si wa nyumba hiyo, nitakusindikiza nyumbani na tutapika muthokoi. Ninachoogopa ni kuambiwa mbele ya watu, nikiwa wa mwisho kujua.

Ndunge


Mutomo, 13 Julai 2025

Ndunge wangu,

Sote tuko wazima. Baridi imekuwa kali, nalala na blanketi mbili. Ndengu tumevuna magunia manne. Digrii anaruka ua.

Barua hii nimeiandika mara tano na nne nimewashia jiko. Ulipoandika kwamba walikuja wawili na mmoja akaondoka, nilidhani kuna mtu amekuambia. Nilimgombeza bure mzee Munyao, maskini, maana ndiye pekee aliyebaki anayejua, na hata hakuelewa nasema nini.

Mama yako Kanini hakufa kwa homa.

Alikuja kwangu kutoka Matinyani akiwa na miaka kumi na tisa, na wewe ulikuwa mgongoni tayari, wa miezi minne. Wewe hukuzaliwa katika nyumba hii. Ulikuja umefungwa kwa leso ya njano, ukinitazama kama karani wa sensa. Alikaa mwaka na nusu. Alikuwa mchapakazi na aliimba vizuri, lakini kila gari likipita barabarani alinyoosha shingo. Jumatatu baada ya Pasaka nilirudi kutoka hospitali nikakukuta kwa jirani, umelishwa, umeoshwa, nguo zako zote zimefuliwa na kukunjwa. Yeye alikuwa ameenda. Nilisikia alionekana Voi. Baadaye sikusikia tena. Sijawahi kumtukana na sitaki umtukane. Alikuwa msichana, na hapa palikuwa padogo kwake.

Nilikudanganya kwa sababu nilitaka umlilie mara moja yaishe, usikae ukimngoja kila gari likisimama. Nilikosea. Ulikua ukawa mtu wa kutafuta vitu vilikotoka, na kila ulipopata zawadi shuleni mimi nilifurahi na kuogopa pamoja.

Sasa mbuzi. Mbuzi walikwenda, lakini walikwenda mwezi wa sita. Ndiyo, umesoma vizuri. Mke alikuwa ameondoka tangu Pasaka. Nilichagua watatu wazuri, nikamchukua Munyao aliyekuwa mchunga mbuzi wa boma zima, tukapanda lori mpaka Kitui na kutoka hapo tukawaswaga kwa miguu mpaka Matinyani, kwa mzee Nzau, baba yake Kanini. Watu wa Mutomo walicheka mpaka wakakaa chini. Walisema Kasiva amechanganyikiwa, anamtolea ntheo mke aliyekimbia. Nzau mwenyewe aliniuliza, mama, binti yangu hayuko kwako, hawa ni wa nini? Nikamwambia mke ameenda, mtoto amebaki, na sitaki mtu aje siku moja mlangoni kwangu kusema mtoto huyu ni wa kwingine. Akanitazama sana. Kisha akaita watu, akachinja.

Nzau amekufa. Mashahidi wengine wamekufa. Amebaki Munyao, na akili yake siku hizi inakuja na kuondoka. Jana aliniita kwa jina la marehemu dada yangu. Ndiyo maana Mutie ana nguvu.

Usije Agosti. Nakataza. Sikuosha masufuria hayo yote ili ukose kusimama mbele ya wasomi kwa sababu ya robo tatu ya mlima wenye mawe. Wewe nenda kwa watu wako wa miezi. Mimi nitakwenda kwa watu wangu wa mbuzi.

Kasiva


Kikima, 20 Agosti 2025

Mwaitu,

Ndiyo, nimekuita mama, na usinikemee kabla hujamaliza kusoma.

Nilikasirika siku nne. Sikufundisha vizuri, niligombeza wasichana, nilitupa kikombe. Miaka yote hiyo nimetoa maua kila Pasaka kwa ajili ya kaburi la nani? Nikakumbuka kwamba uliniambia kaburi liko chini ya mkunazi na hukuwahi kunipeleka. Ulinifanya niweke maua kanisani. Basi nililia. Nililia kwa ajili yake pia, kwamba alifua nguo zangu kwanza. Siku ya tano nikaanza kukuona wewe barabarani na mbuzi watatu, watu wote wakicheka, na kutoka hapo hasira haikurudi.

Nilikwenda Nairobi kama ulivyoamuru. Nilivaa lile gauni la kijani. Walikuwa watu wapata sitini, na wageni wachache, nami nilishika meza kwa mikono miwili. Nilionyesha njia za vile vijiwe vya Zohali, jinsi kikundi kimoja kinavyoweza kurudishwa nyuma hadi kwa mzazi mmoja aliyevunjika. Kisha nikaeleza kwa nini mambo haya yana maana: kwamba familia ya jua haikukaa ilipozaliwa, ilihama, ikavurugika, ikapoteza wengine na kupokea wengine, na ushahidi uko juu pale, unazunguka kinyume kila siku.

Mzee mmoja wa nyuma aliuliza kama miezi ya aina hii si takataka tu, mabaki yaliyonaswa, na kama si afadhali kusoma ile iliyozaliwa kwao. Mwaitu, nilisahau kuogopa. Nilimwambia Tritoni ulipofika, njia yake ilikuwa ndefu na ya kuyumba, na leo ni duara safi kuliko njia za karibu miezi yote tunayoijua, pamoja na iliyozaliwa nyumbani. Nilisema takataka haizunguki hivyo. Walipiga makofi. Yule mzee naye alipiga.

Wamenipa nafasi ya kuendelea na udaktari kuanzia Januari. Nitaitwa Daktari Ndunge, na sitaweza kutibu hata mguu wako wa kushoto.

Simu yako imezimwa tangu Jumamosi. Jonah hajapita. Sijui walisema nini huko, na sipati usingizi. Niandikie, hata kama ni mabaya. Nina haki ya jina lako ama sina, nataka kusikia hivyo kutoka kwako.

Ndunge


Mutomo, 7 Septemba 2025

Ndunge,

Simu ililiwa na Digrii. Si mzaha. Tumetoa nusu yake mdomoni.

Sasa keti nikueleze. Mkutano ulianza saa nne kwa maombi, na pasta aliomba mpaka chai ikapoa. Walikuwa wazee kumi na wawili, na Mutie, na Musyoka mtoto wa Nzau aliyekuja kutoka Matinyani. Mimi nilivaa koti la marehemu Muli, kwa sababu nilikwenda pale kama mwenye kuoa.

Mutie aliongea vizuri, sitasema uongo. Alisema hana ubaya nawe, ila mila ni mila, na aonyeshwe ntheo. Nikamsimamisha Munyao. Wakamuuliza ilikuwa mwaka gani, hakujua. Wakamuuliza Kanini ni nani, akasema hamfahamu. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Niliona tumeshindwa, Ndunge, nakuambia wazi.

Kisha mzee mmoja akamuuliza, "Munyao, hao mbuzi unawakumbuka?"

Munyao akakaa wima. Akasema, "Walikuwa watatu. Mmoja mweusi, sikio moja jeupe. Mmoja wa kijivu, alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, nikambeba kuvuka mto. Na dume jekundu lililokuwa linapenda kula kofia. Lilikula kofia ya mzee mwenye nyumba tulipofika."

Musyoka aliruka kutoka kwenye kiti. "Kofia ya baba! Alituambia hadithi hiyo mpaka anakufa!"

Basi hapo wakakubali mbuzi walikwenda. Lakini Mutie hakuisha. Akasema ntheo hutolewa mke akiwa nyumbani, na huyu alikuwa ameondoka. Ati nilichelewa.

Nikasimama. Nikasema, "Ni kweli nilichelewa, miezi miwili. Sasa kila mzee hapa aseme yeye alitoa ntheo mwaka gani, na mke wake alikuwa na watoto wangapi."

Ndunge, ungeona. Mmoja akatafuta tumbaku. Mwingine akakohoa. Mwenyekiti mwenyewe aliitoa mkewe akiwa na mtoto wa tano. Mutie aliitoa mwaka juzi, na mimi ndiye niliyepika. Wanawake waliokuwa jikoni walianza kucheka kwanza, kisha uwanja wote, na mwisho Mutie mwenyewe akafunika uso akicheka. Alikuja akanishika mkono. Akasema, "Mama, nimeshindwa." Amekuwa wa kwanza kutia sahihi, na ndiye aliyenipeleka Kitui kwenye ofisi ya mashamba Jumanne.

Mambo ya Nairobi nimewasomea wote kanisani, pamoja na makofi. Ulivyomjibu yule mzee, nimesoma mara mbili. Watu walisema amina. Mimi nilikaa nimenyoosha shingo mpaka ikaniuma.

Sasa la kukukemea. Usiniite mwaitu. Mama unaye, anaitwa Kanini binti Nzau, alikubeba kutoka Matinyani mpaka hapa kwa mgongo wake, na mahali pake sipachukui. Mimi nina mahali pangu.

Kule ofisini karani, mama mmoja mwenye miwani, aliuliza Ndunge ni nani kwangu. Alikuwa ameshaanza kuandika mjukuu. Nikamwambia angoje. Akasema mama, kuna mtoto ama kuna mjukuu, chagua. Nikamwambia sikuzaa mtoto wa kunipa mjukuu. Nilioa. Mke wangu alikuja na mtoto, na mtoto wa mke wangu ni mtoto wangu, kama ilivyo kwa mwanamume yeyote aliye kwenye foleni hii. Akanitazama juu ya miwani, akakata neno alilokuwa ameandika, akaandika lingine.

Njoo Ijumaa utie sahihi yako chini ya yangu.

Ni mimi,
Kasiva, mume wa Kanini, mzazi wako